Ulimi Menoni

Mbadilisha fedha wa Horohoro alinipunja. Nilihesabu noti zake mara mbili akiniangalia, na bado nilipovuka hadi Lungalunga nikakuta zimepungua shilingi mia nane za Kenya. Alizikunja vipi, sijui hadi leo. Mia nane hizo zingenipatia chumba chenye dirisha. Badala yake nililala Mwembe Tayari kwenye chumba kinachotazamana na ukuta, feni ikisukuma hewa ile ile ya moto usiku kucha, na bado nikatozwa elfu moja na mia mbili, taulo mbali.

Nilitoka Tanga juma la mwisho la Desemba, nikiwa na daftari moja la jalada gumu. Ndimo ninamoandika kila kitabu nilichomaliza, tarehe na mahali nilipokimalizia. Mwaka huu vilikuwa 31. Hadithi nilizoanza kuandika tisa, nilizomaliza tatu. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayenijua, nizipitie kurasa hizo moja baada ya nyingine kabla mwaka haujageuka. Mombasa niliichagua kwa sababu ya hadithi moja kati ya zile tatu, ninayoipenda kuliko zote. Inatokea Mji wa Kale, watu wake wanazungumza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, nami nilikuwa sijawahi kuukanyaga mji huo. Kimvita changu nilikiokota vitabuni. *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika gerezani kati ya 1969 na 1972 kwenye karatasi za chooni, nilikisoma mara mbili, Machi na Agosti. Nikaorodhesha maneno: mato kwa macho, ndia kwa njia, kuteka kwa kucheka. Nikayapanda katika hadithi yangu, nikaridhika.

Asubuhi ya kwanza nilipita Ndia Kuu nikatafuta kivuli. Kwenye baraza ya nyumba moja yenye mlango wa nakshi palikuwa na mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, leso mabegani, akiuza mahamri na mbaazi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea mkeka. Nilikula mahamri manne. Yalikuwa mepesi, iliki inasikika hata kabla hujatafuna, na hayo ndiyo malipo pekee niliyoyatoa Mombasa kwa moyo mweupe.

Nilipofungua karatasi zangu akauliza ninasoma nini. Nikamwambia ni hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya watu wa hapa hapa.

"Ya watu wa hapa? Basi nisomee nami nisikie."

Nilisoma. Mkono ulinitetemeka kidogo, kwa sababu tangu Januari hakuna mtu aliyenisikia nikiisoma kazi yangu kwa sauti, hata mimi mwenyewe. Alisikiliza vizuri, huku akihudumia wateja. Nikafika pale msichana anapomwona baba yake akishuka kwenye jahazi baada ya miezi saba: "Alipomtambua, akateka."

Mama akaacha upawa ndani ya sufuria.

"Akateka maji?"

"Hapana mama. Akacheka. Si ndivyo mnavyosema?"

"Sisi twasema, ndiyo. Lakini huyo wako ateka maji, mwanangu. Weka ulimi menoni. Sema."

Nikasema. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Akaniambia nimtazame mdomo, akatamka yote mawili, moja baada ya jingine: la maji, ulimi ukigonga juu nyuma ya meno, la kicheko, ncha ya ulimi imelala kwenye meno yenyewe. Kwenye karatasi ni neno moja. Kinywani mwake yalikuwa mawili, yaliyo mbali kama kisima na arusi. Kijana aliyekuja kununua mbaazi naye akajiunga, kisha mtoto wa jirani, na kwa karibu saa nzima nilikaa pale nikifundishwa herufi ambayo nimekuwa nikiiandika tangu darasa la kwanza. Kisha akanirudisha kwenye "mato" yangu, na hayo nayo nilikuwa nimeyatamka visivyo.

Siku iliyofuata ilikuwa joto tupu, foleni ya matatu, na tuktuk iliyonidai mia tatu kwa mwendo wa dakika sita. Sina la kuieleza.

Usiku ule nililifungua daftari. Vitabu 31, vyote kwa macho. Ilikuwa katika mji huu huu, mwaka 1928, ambapo mkutano uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia tuliyofunzwa wote ina t moja tu. Siilaumu, maana ndiyo iliyoniwezesha kusoma. Lakini nilimkumbuka Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita. Yeye alifariki yapata 1840, na diwani yake ilichapwa 1940. Mengi ya mashairi yale yaliishi vinywani mwa watu kwanza, mpaka mwalimu Sikujua na mmisionari Taylor walipoyakusanya. Waliomhifadhi walimhifadhi kwa ulimi, pamoja na kila t mahali pake. Mimi nimempitia Juni, nikaandika "nimemaliza", nikaweka tarehe.

Ndipo nikamkumbuka bibi. Nyumbani kwetu Chumbageni alikuwa akighani tenzi akichambua mchele, na sisi watoto tulimwona anatuchelewesha chakula. Hakuwa na kitabu hata kimoja cha tenzi hizo. Alizaliwa Vanga, kilomita chache tu kutoka mpakani, na sasa nasikia kwamba alikuwa na zile t mbili. Nilidhani ni pengo la meno. Tulimwiga, tukacheka, naye akanyamaza siku hiyo. Nimeandika hadithi nzima nikitafuta vitabuni sauti iliyonilea.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia barazani kuaga. Mama alinifungia mahamri sita kwenye gazeti, akakataa pesa. Akanitaka niseme neno langu. Nikalisema. Akasema, "Lakaribia."

Kwenye foleni ya uhamiaji, Lungalunga, nilimpigia mama yangu. Nilimuuliza kama ile kaseti ambayo mjomba alimrekodi bibi bado ipo. Akafikiri. Akasema ipo, ndani ya bati la biskuti juu ya kabati, ila utepe umetoka nje na alikuwa amepanga kulitupa bati lile wakati wa kusafisha nyumba kwa mwaka mpya.

Nikamwomba asiliguse mpaka nifike.