Andromeda wa Ethiopia mwenye nywele za dhahabu

Kitabu chenyewe nilikinunua mtumba: hadithi za Wagiriki wa kale zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto, jalada limechakaa lakini picha bado zinang'aa. Binti yangu ana miaka minane. Usiku nilikuwa namsomea kwa Kiswahili, natafsiri papo hapo, na tunaanza kama tunavyoanza siku zote: mimi "Paukwa!", yeye "Pakawa!"

Tukakwama kwa Perseus, shujaa aliyemwokoa Andromeda. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba Andromeda ni binti wa mfalme wa Ethiopia, kwamba mama yake, Cassiopeia, alijigamba kwa uzuri mbele ya mabinti wa bahari, Poseidon, mungu wa bahari, akakasirika akaleta dubwana la kuangamiza nchi, na msichana akafungwa mwambani awe kafara. Nikafunua ukurasa. Aliyefungwa pale ni msichana mweupe pe, nywele za dhahabu zinapepea.

"Mama, huyu ndiye wa Ethiopia?"

"Ndivyo walivyomchora, mwanangu," nikasema, nikaendelea kusoma. Jibu lile lilinikosesha raha.

Nikaanza kutafuta tafsiri za washairi wenyewe. Ovid, Mrumi aliyeandika kama miaka 2,000 iliyopita, anasema waziwazi kwamba kisa kilitokea Ethiopia, na katika shairi lingine anasema Andromeda alikuwa na weusi wa nchi yake. Ethiopia ya Wagiriki haikuwa na mipaka ya leo. Waliziita hivyo nchi za kusini mwa Misri, na jina lenyewe linahusu nyuso zilizoungua kwa jua. Wengine waliuweka ule mwamba Yafa, pwani ya Palestina. Nami nikiwa tayari kuwatupia lawama wachoraji wa vitabu vya watoto peke yao, nikakuta mitungi ya Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo ambayo Andromeda amechorwa mweupe, watumishi wake ndio weusi. Kumbe jambo ni la zamani. Hata hivyo sikubali liwe kisingizio, kwa sababu mchoraji wa leo anaweza kumsoma Ovid kama nilivyomsoma mimi.

Kitabu sikukificha. Nilimfunulia binti yangu picha ileile nikamweleza: mshairi kasema hivi, wachora mitungi walifanya hivi, huyu naye kafanya hivi. Nilidhani atachoka. Lakini bibi yake wa Pangani husimulia Fisi akifa mwishoni, na bibi yake wa Moshi humwacha Fisi akimbilie porini, naye huwadai hadithi wote wawili. Kwamba hadithi moja ina wasimuliaji wengi halikuwa jambo geni kwake.

Medusa, yule mwenye nywele za nyoka ambaye Perseus alimkata kichwa, ndiye aliyenipa kazi. Kitabu kilisema aliadhibiwa kwa sababu ya majivuno. Kwa Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyemtangulia Ovid kwa karne nyingi, Medusa ni mmoja wa ndugu watatu, wawili hawafi, yeye anakufa, adhabu haitajwi. Kwa Ovid ni msichana aliyebakwa na mungu wa bahari ndani ya hekalu, kisha mungu wa kike mwenye hekalu akamgeuzia yeye nywele kuwa nyoka. Nilikaa siku kadhaa natafuta maneno. Mwishowe nikamwambia: "Mungu wa bahari alimdhulumu, halafu adhabu akapewa yeye aliyedhulumiwa." Alinyamaza, kisha akaniomba nisisome tena sehemu ya kukatwa kichwa. Sikuisoma. Ningemwacha na lile neno "majivuno", angejifunza kitu ambacho sitaki binti yangu akijue kama haki.

Halafu kuna walioachwa kabisa. Memnon, mfalme wa Waethiopia aliyekwenda na jeshi lake kuutetea mji wa Troy dhidi ya Wagiriki, katika kitabu chetu hayumo. Wagiriki walikuwa na utenzi uliosimulia kisa chake, umepotea, umebaki muhtasari na vipande vichache. Kwa hiyo nilimtunga upya kwa mdomo: mwana wa Alfajiri, mungu wa kike wa mapambazuko, aliyemuua Antilochus, mpiganaji wa Kigiriki, akauawa na Achilles, shujaa wa Wagiriki, na mama yake akamlilia hata leo, machozi yake ndiyo umande.

Nimeshamsimulia mara tatu. Jana aliitika "Pakawa!" kabla sijasema neno, akataka Memnon tena.