Siri za konfigi kwenye repo: mi naanza na swali la nani anafungua

Karibu kila timu inayo ile faili. Sehemu nyingine inaitwa `.env`, kwingine `prod.yaml`, kwingine imebandikwa juu kabisa kwenye grupu la kazi ili mgeni akija asisumbue watu. Ndani kuna paswedi ya databesi, tokeni ya kutuma imeili, ufunguo wa huduma ya malipo, na kila mtu ana kopi yake kwenye mashine yake, na ukizilinganisha hizo kopi hupati mbili zinazofanana. Mtu akibadilisha paswedi moja leo, wiki nzima inayofuata ni "oya mbona kwangu haikonekti".

Sasa watu wakichoka na hiyo hali wanaanza kuuliza zana ipi nzuri, na mjadala wote unaishia kwenye algorithimu, AES hii, RSA ile. Kiukweli upande huo hauna shida, zana zote zinazojulikana zinafunga data vizuri tu. Zinapotofautiana ni hapa: nani anaweza kufungua hiyo faili sasa hivi, na siku akiondoka kwenye timu unafanyaje. Kila zana mi naipima hapo kwanza, mengine baadaye.

Halafu tuelewane mapema, base64 ni namna tu ya kuandika data kwa herufi za kawaida, sio enkripsheni (kufunga kwa ufunguo). Nasema hivi kwa sababu Secret za Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) ukizitoa kwa `kubectl get secret -o yaml` zinaonekana kama zimefungwa, mtu anazikomiti kwenye repo (ghala la kodi la Git) anaenda zake kulala, kumbe yeyote mwenye `base64 -d` anazisoma hapohapo.

Chukua mfano wa Chef, zana ya kupanga konfigi za seva nyingi kwa pamoja. Wana kitu kinaitwa data bag, yaani kapu la JSON linalokaa kwenye seva ya Chef ili nodi zote (yaani mashine zinazosimamiwa na Chef) zisome kutoka sehemu moja. Unalitengeneza kwa `knife data bag create`, unalichungulia kwa `knife data bag show`, na ukiongeza `--secret-file` basi kilichomo kinafungwa kwa ufunguo uliopo kwenye hiyo faili. Ufunguo wenyewe watu wanautengeneza hivi:

```
openssl rand -base64 512 | tr -d '\r\n' > siri_ya_kapu
```

Safi, inafanya kazi. Ila ni ufunguo mmoja. Kila nodi inayotakiwa kusoma lile kapu lazima iwe na faili ileile, kwa kawaida `/etc/chef/encrypted_data_bag_secret`, na wewe unayehariri unayo, na mwenzako anayo, na yule aliyeacha kazi mwaka jana sijui kama alifuta. Kwa hiyo ukiuliza nani anafungua, jibu ni yeyote ambaye hiyo faili iliwahi kupita mikononi mwake. Seva moja ikiingiliwa, kapu zima limeondoka. Na ukitaka kubadilisha ufunguo inabidi ufunge upya kila kilichomo halafu usambaze ufunguo mpya kwenye nodi zote kwa wakati mmoja, maana nodi iliyobaki na ule wa zamani itagoma kusoma katikati ya diploi.

Ndio ikaja chef-vault, ambayo inatumia funguo za umma za kila nodi na kila admini (wa umma unafunga tu, wa kufungulia kila mmoja anabaki na wake), hapo hakuna tena faili moja ya kugawana. Nayo ina lake lakini: orodha ya nodi inapatikana kwa kusachi wakati ule unafunga, kwa hiyo nodi itakayozaliwa kesho haimo, mpaka mtu mwenye ruhusa apige `knife vault refresh`. Kama seva zako zinajiongeza zenyewe saa nane usiku, nani yuko macho kupiga hiyo komandi?

Ansible Vault, ya Ansible ambayo nayo ni zana ya kupanga seva, ni ukoo uleule wa paswedi moja. Inafunga faili nzima, kichwani unaona `$ANSIBLE_VAULT;1.1;AES256` halafu chini ni ukuta wa namba, ukibadilisha herufi moja tu `git diff` inakwambia faili nzima imebadilika, na anayerivyu hana cha kurivyu. Kuna `ansible-vault encrypt_string` ya kufunga thamani mojamoja, inapunguza maumivu, lakini paswedi bado ni ileile moja.

Mi nimetulia kwenye SOPS ikiwa na age. SOPS ni zana ya kuhariri mafaili ya konfigi yaliyofungwa, ilizaliwa Mozilla, na tangu 2023 iko chini ya CNCF (taasisi inayolea miradi huria ya cloud). age ni zana ndogo ya kufunga mafaili, ya Filippo Valsorda, na uzuri wake ni kwamba haina mambo mengi: hakuna seva za funguo, hakuna kusainiana funguo, hakuna ile mitihani ya GPG, zana ya siku nyingi ya enkripsheni, ambayo kila mtu anaifaulu kwa kukopi komandi kutoka kwa mwenzake. Unatengeneza ufunguo:

```
mkdir -p ~/.config/sops/age
age-keygen -o ~/.config/sops/age/keys.txt
```

Hapo ni Linux, kwenye Mac SOPS kwa kawaida inatafuta ndani ya `~/Library/Application Support/sops/age`, au weka `SOPS_AGE_KEY_FILE` ielekee unapotaka. Inakupa mstari unaoanza na `age1`, huo ni wa umma, utume popote, hata kwenye lile grupu. Ule unaoanza na `AGE-SECRET-KEY-1` unabaki kwako na hautoki.

Halafu kwenye repo unaweka faili moja, `.sops.yaml`:

```
creation_rules:
  - path_regex: prod/.*\.yaml$
    age: >-
      age1...wangu,
      age1...wa_mwenzangu,
      age1...wa_seva
  - path_regex: test/.*\.yaml$
    age: >-
      age1...wangu,
      age1...wa_mwenzangu,
      age1...wa_mgeni
```

Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Lile swali langu la nani anafungua jibu lake limeandikwa hapo, lina historia ya Git, ukitaka kumwongeza mtu unafungua ombi la mabadiliko na wenzako wanaliona. Mgeni ana test, prod bado. Hakuna haja ya kumuuliza mtu, soma faili.

Ukipiga `sops edit prod/app.yaml` inafunguka kwenye edita yako ikiwa wazi, unaandika, ukisevu na kutoka inajifunga. (Kama edita yako ni VS Code weka `EDITOR="code --wait"`, bila hiyo `--wait` SOPS inaona edita imerudi papo hapo na inadhani hujabadilisha kitu.) Kinachobaki kwenye diski kiko hivi:

```
db:
    mtumiaji: ENC[AES256_GCM,data:9kX...,iv:...,tag:...,type:str]
    paswedi: ENC[AES256_GCM,data:pQ2...,iv:...,tag:...,type:str]
```

Majina yako wazi, thamani zimefungwa. Na usipoigusa thamani wakati wa kuhariri inabaki vilevile ilivyo, kwa hiyo diff inaonyesha mstari mmoja uliobadilika na anayerivyu anajua ni paswedi ya databesi imeguswa, hata kama yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuiona. Gharama yake ni hiyo ya majina kuwa wazi, na data bag za Chef zilizofungwa ziko hivyohivyo pia kwa majina ya ngazi ya juu. Ukiandika jina lenye kampuni ambayo mnajadiliana nayo kimyakimya, basi mtu yeyote mwenye repo ameshajua. Ita kitu jina la kazi yake.

Ndani kinachofanyika ni kwamba kila faili ina ufunguo wake wa data wa biti 256 uliotoka kwa bahati nasibu, huo ndo unafunga thamani zote, halafu huo ufunguo wenyewe unafungwa mara moja kwa kila mtu aliyepo kwenye orodha. Ndio maana ukishuka chini kabisa ya faili kwenye sehemu ya `sops:` unakuta vibloki vidogo, kimoja kwa kila `age1`. Na kuna kitu kimefanywa kwa akili sana, kila thamani imefungwa pamoja na njia yake ndani ya faili, yaani ukikata ile `ENC[...]` ya `db.mtumiaji` ukaipachika kwenye `db.paswedi` haifunguki, inagoma. Mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye repo lakini asiye na ufunguo hawezi kukuchezea kwa kuhamisha vipande.

Sasa mtu mpya amekuja. Anakutumia `age1` yake, unaiongeza kwenye `.sops.yaml`, halafu:

```
sops updatekeys prod/app.yaml
```

Inakuonyesha nani anaongezeka, nani anapungua, inauliza ndiyo au hapana. Kuhariri `.sops.yaml` peke yake hakubadilishi mafaili yaliyopo, ile ni sheria ya kutengenezea mapya, hapa watu wengi wanakwama wanashangaa mbona mgeni bado hawezi kufungua.

Akiondoka mtu ndo kuna mambo. `updatekeys` inamtoa kwenye orodha lakini ule ufunguo wa data unabaki uleule, na huyo mtu kama aliutunza basi anao. Kwa hiyo inafuata `sops rotate -i prod/app.yaml`, ambayo inatengeneza ufunguo mpya wa data na kufunga thamani zote upya. Sawa, umemaliza? Bado kabisa. Komiti za zamani ziko kwenye Git, kopi ya repo anayo, na zile komiti zimefungwa kwa ufunguo wake halali. Paswedi ya databesi aliyokuwa anaweza kuisoma jana anaisoma leo na atasoma mwakani. Dawa ni moja tu: ingia kwenye databesi ubadilishe paswedi yenyewe, toa tokeni mpya, ua ya zamani. Hii haihusiani na SOPS, ni hivyo kwa zana yoyote inayoweka siri ndani ya Git, na git-crypt, zana nyingine ya kufunga mafaili ndani ya Git, wanasema wazi kabisa kwenye maelezo yao kwamba haifai kwa kumnyang'anya mtu ruhusa. Ndio maana napendelea mafaili madogo kulingana na kazi, faili ya malipo peke yake, ya imeili peke yake, ili mtu akiondoka ujue ni siri zipi hasa za kubadilisha badala ya kubadilisha dunia nzima.

Kero ya kweli ya SOPS ni konflikti. Watu wawili wakihariri faili moja kwenye matawi mawili, hata kama wamegusa mistari tofauti kabisa, Git italalamika, kwa sababu chini kule kuna `lastmodified` na `mac` ambazo zinabadilika kila ukisevu. Ile `mac` ni muhuri wa thamani zote kwa pamoja, ukiunganisha kwa mkono vipande vya pande mbili muhuri haulingani na faili inakataa kufunguka. Kuna `--ignore-mac` ya kulazimisha, mi siipendi. Chukua upande mmoja mzima, halafu rudia badiliko la upande wa pili kwa `sops edit`, dakika mbili imeisha.

Tukija kwenye terminali yenyewe, hapa ndo siri nyingi zinavuja na wala sio kwenye enkripsheni. Ukiandika `export DB_PASWEDI=...` imeshaingia kwenye `~/.bash_history`. Ukiipitisha kama agumenti ya programu, yeyote aliye kwenye mashine ileile anaweza kuiona kwa `ps aux`. `sops set` nayo ina tatizo hilohilo ukimwandikia thamani palepale kwenye mstari, tumia `sops edit`. Kama lazima uandike siri, `HISTCONTROL=ignorespace` kisha unaanza komandi na nafasi, au `read -s`. Na ile tabia ya `sops decrypt prod/app.yaml > app.yaml` "nitafuta baadaye" iache kabisa, hakuna anayefuta. Kuna hii:

```
sops exec-env prod/env.yaml './anza.sh'
```

Inafungua, inaweka thamani kama vigeu vya mazingira kwa hiyo programu tu, ikifa vinaondoka nayo, hakuna kitu kimegusa diski. Kuna `exec-file` pia kwa programu zinazodai faili lazima.

Na kabla ya kukomiti mi napitisha hii kwenye huku ya Git (hook, skripti ambayo Git inaiendesha yenyewe):

```
grep -L 'ENC\[' prod/*.yaml test/*.yaml
```

Ikitoa jina lolote, hiyo faili haijafungwa, huku inasimamisha komiti. Ni ya kishamba, haijui faili iliyofungwa nusu, ila inamkamata yule aliyetengeneza faili mpya kwa edita ya kawaida akasahau SOPS, ambaye ndo tukio la kila siku.

Kitu cha mwisho ambacho ningekiweka mapema kwenye repo yoyote ni ufunguo wa dharura. Tengeneza jozi nyingine ya age, ya umma iweke kwenye kila sheria ya `.sops.yaml`, ya siri iprinti au iweke kwenye fleshi ambayo haikai kwenye mashine ya mtu. Laptop zikiibiwa au mtu wa pekee mwenye ufunguo wa prod akiacha kazi, SOPS haina "nimesahau paswedi". Na ijaribu, usiamini tu kwamba iko:

```
SOPS_AGE_KEY_FILE=/media/fleshi/dharura.txt sops decrypt prod/app.yaml | head -n 1
```

Kwa kujaribu hamisha kwanza `keys.txt` yako pembeni, la sivyo inaweza kufunguka kwa ufunguo wako wa kawaida ukadhani ule wa dharura unafanya kazi.