Walianguka kabla ya kung'ata

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tunarudi Mwanzo sura ya 3, ile stori ya tunda, na najua wengi mmeisikia tangu sunday school, ndo maana nimeichagua, maana stori ukishaizoea unaacha kuisoma unabaki unasoma ile iliyo kichwani kwako.

Kwanza tuondoe vitu viwili njiani. Tufaa halipo pale. Biblia haijasema ni tunda gani, marabi wa Kiyahudi wa zamani walibishana weeee mmoja akasema ni zabibu mwingine mtini mwingine akasema ngano kabisa, na mti pekee uliotajwa kwa jina kwenye sura hiyo ni mtini na ni majani yake tu waliposhona nguo. Kitu cha pili ni hii ya kusema tunda ni tendo la ndoa, hii inapendwa sana hata madhabahuni inahubiriwa, ila haisimami jamani. Mwanzo 1:28 Mungu kashawaambia zaeni mkaongezeke, 2:24 kashasema watakuwa mwili mmoja, yote hayo nyoka hajafungua mdomo. Sasa awaagize kitu mwenyewe afu awafukuze kwa kukifanya?

Tuje kwenye maongezi yenyewe, hapa tukae.

Nyoka anaanza na swali, "Ati! hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Rudi nyuma kidogo 2:16 uone Mungu alisema nini: "Matunda ya kila mti wa bustani waweza kula". Yani sentensi ya Mungu inaanza na ruhusa, bustani nzima ni yenu, mmoja tu ule acheni. Nyoka anaichukua anaipindua, Mungu aliyefungua miti yote anageuka kuwa Mungu wa makatazo. Hawa anamsahihisha vizuri tu, tusimwonee, ila anaongeza kakitu, "wala msiyaguse", ambako kwenye 2:17 hakapo. Wapo wanaosema Adamu ndo aliongeza wakati anamfundisha kwa sababu amri ilitoka kabla Hawa hajaumbwa, inawezekana, siwezi kuapa. Mi ninachokiona ni kwamba tayari Mungu ameshakuwa mkali kidogo kuliko alivyokuwa mwanzo wa maongezi. Afu nyoka anamalizia kazi, hamtakufa bwana, Mungu anajua mkila mtafumbuliwa macho muwe kama yeye, mkijua mema na mabaya. Kwa lugha yetu: anawabania. Ana kitu kizuri kakificha na hataki mkipate.

Na kilichonishangaza nikisoma ni kwamba 1:27 walishaumbwa kwa mfano wa Mungu! Wanauziwa kitu ambacho wanacho.

Hii ni fitna kama fitna nyingine yoyote, mtu akija kukunong'oneza kwamba fulani anakusema vibaya, hata kama ni uongo mtupu kesho ukikutana na huyo fulani salamu yake unaisikia tofauti, anacheka unaona anakucheka wewe, na yeye hajabadilika hata kidogo. Ule mti nao ulikuwa palepale siku zote, ila ni baada ya yale maneno ndo mstari wa 6 unasema mwanamke "alipoona" kwamba wafaa kwa chakula, wapendeza macho, ni wa kutamanika kwa maarifa. Jana haukuwa hivyo? Agostino, yule askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, aliandika kwamba uovu ulianza ndani kwa siri, kiburi kwanza, tendo la nje likafuata. Nakubaliana naye ila mi ningeweka shaka mbele ya kiburi. Huwezi kutaka kukaa kwenye kiti cha mtu unayemwamini kabisa kwamba anakutakia mema.

Na ile shaka haikuondoka baada ya kula. Msikilize Adamu mstari wa 12, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami". Watu wengi tunaona anamsukumia mke wake, ni kweli, lakini ameanza na nani? Wewe uliyenipa. Huyu huyu sura ya 2 alishangilia huyu sasa ni mfupa katika mifupa yangu, leo zawadi ile ile imekuwa mtego aliotegewa na Mungu. Sumu ndo hiyo, hata ulichopewa kwa upendo unakiona ni hila.

Sasa kuna swali huwa linaulizwa hasa na vijana na tusiwe tunawafokea, kwani kujua mema na mabaya kuna ubaya gani? Hakuna. Sulemani kule Gibeoni kwenye 1 Wafalme 3:9 aliomba hicho hicho, moyo wa "kupambanua mema na mabaya", na mstari wa 10 unasema neno hilo likawa jema machoni pa Bwana. Waebrania 5:14 inasema ndio kazi ya watu wazima kiroho. Irenaeus, askofu wa Lyon karne ya 2, yeye alikuwa akisema Adamu na Hawa walikuwa kama watoto, bado wanakua, walikusudiwa kufika mbali ila kwa kulelewa. Mi hapo ndo panaponigusa, kwamba huenda hata kile walichonyakua kilikuwa njiani kinakuja kwa mkono wa Baba. Sulemani aliomba akapewa, wao walijichukulia kwa sababu walishaamini hawatapewa.

Ukiangalia maisha yetu huku chini ni yale yale. Umeomba ndoa, kazi, mtoto, miaka inaenda, na siku moja unaona picha ya harusi ya mtu ambaye hata kanisani haonekani, unaweka simu chini na kuna kasauti kanasema unaona? anakubania. Hujatenda dhambi yoyote hapo, hujaenda kwa mganga hujatoa rushwa, lakini maongezi ya bustanini yameshaanza na ndo saa ya kujibu, usisubiri mkono ufike kwenye mti.

Yesu jangwani alijibu hapohapo. Siku 40 hajala na maneno ya mwisho tuliyosomewa kabla ya hapo ni ya Baba kwenye ubatizo, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu". Shetani anakuja na "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu", mbona una njaa sasa, jitengenezee mkate. Mkate sio dhambi! Alichokataa ni kujihudumia kama vile Baba amemsahau, na Mathayo 4:11 malaika wakaja wakamtumikia.

Wiki hii tusome Mwanzo 2 na 3 kwa mpigo bila kukata, na ukifika 3:21 usiruke, ni pale Bwana Mungu anawatengenezea wale wawili mavazi ya ngozi na kuwavika mwenyewe, waliomshuku kwamba ni mchoyo, na hukumu ameshaitamka tayari. Halafu ongezea Yakobo 1:5 ambayo inasema Mungu huwapa wote kwa ukarimu "wala hakemei", na kila mmoja aandike kwenye daftari lake kile kitu kimoja ambacho ndani ndani anahisi Mungu anambania, tutakiombea kwa jina kwenye maombi ya ijumaa, asiyetaka kukitaja mbele za watu akitaje kimoyomoyo. Barikiweni.