Dishi lilinitesa wiki mbili, kumbe mchawi ni nguzo

Mimi sio fundi, niseme hilo mapema. Ila hili dishi la nyumbani nimelishikashika mpaka nimelizoea, maana lilinitesa wiki mbili nzima. Asubuhi chaneli zote safi, upepo ukivuma kidogo tu picha inaganda, sauti inakatikakatika, skrini inajaa viboksi viboksi alafu inakuja ile meseji ya hakuna signali. Mvua ikianza hata manyunyu ndo basi tena. Fundi aliyekuja aliangalia juujuu akasema LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi, imekufa, nikanunua mpya, ikafungwa, kesho yake upepo ukavuma na mchezo ukawa ule ule.

Nikaona isiwe tabu, nikaingia mwenyewe kwenye menyu ya dekoda. Pale kuna mistari miwili, mmoja unaonyesha nguvu ya signali mwingine ubora. Wa nguvu ulikuwa 80 na kitu, nikawa najipa moyo kwamba signali ipo ya kutosha. Hapo ndo nilipopotezea muda mwingi. Huo mstari wa nguvu unaweza kupanda hata dishi likiwa linatazama setelaiti nyingine kabisa, au halitazami chochote, kwa sababu unapima kila kinachoingia mpaka kelele za LNB yenyewe. Wa kuutazama ni ubora, na wangu ulikuwa unacheza 35, mara 40, mara sifuri. Na matangazo ya dijitali hayana ile ya zamani ya picha kuanza chenga taratibu ukajua hali inaharibika, hapa ubora ukishuka chini ya kiwango dekoda inachotaka, picha inaondoka kwa mkupuo.

Nikaanza na kebo. Kwanza chomoa dekoda kwenye umeme, usilete ujuaji hapa, maana kebo hiyo hiyo ndo inapeleka volti 13 au 18 juu kwenye LNB na ukigusanisha waya wa kati na ule wavu wa nje umepiga shoti. Nilipofungua konekta ya kule juu nikakuta tone la maji limekaa humo ndani na waya wa kati umeota ukijani. Nikakata kama sentimita 10 mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikamenya upya, nikahakikisha hakuna hata unywele mmoja wa ule wavu unaogusa waya wa kati, nikafunga konekta mpya nikaizungushia tepu. Ubora ukapanda mpaka 50 hivi. Nafuu, ila upepo ukija bado inaganda.

Sasa nikiwa pale juu nikaegemea nguzo kidogo, nikasikia imecheza. Nikachukua pima maji nikaiweka, lo, nguzo imelala upande kabisa, na bolti mbili za ukutani zimelegea. Hapo nikaelewa kila kitu. Nguzo isiposimama wima zile namba za digrii kwenye kishikio cha dishi ni mapambo tu, na kila ukilizungusha dishi kulia au kushoto linapanda au kushuka lenyewe bila wewe kujua, kwahiyo unakimbizana na setelaiti mpaka jioni. Setelaiti yenyewe iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukikosea digrii moja huku chini, kule juu umepishana nayo kwa zaidi ya kilomita 600. Dishi la sentimita 90 likikosea digrii hiyo moja tu nusu ya signali imeshakwenda, na bolti iliyolegea inakupa hiyo digrii bure.

Nikanyoosha nguzo, nikapima upande huu na upande ule, nikakaza bolti mpaka hata kuisukuma haitikisiki. Alafu ndo nikaanza kutafuta. Dira ya simu inasaidia kupata uelekeo wa jumla ila isogeze mbali na chuma, ukiiweka karibu na nguzo inakudanganya. Mdogo wangu akakaa ndani mbele ya TV, mimi juu, simu spika.

"Kaka, 52... 60... eeh hapo hapo! Aah umepitiliza!"

Shida ni kwamba dekoda inachelewa kusoma, ukienda kwa haraka unapita bila kujua. Nikawa nasogeza kidogo kama upana wa ukucha, nasubiri sekunde tano, nasogeza tena. Kilichonisaidia zaidi ni penseli: nikazungusha kushoto mpaka ubora ukapotea nikachora alama kwenye nguzo, kulia mpaka ukapotea nikachora nyingine, alafu nikaliweka katikati ya hizo alama mbili. Juu na chini nikafanya vilevile. Mwisho nikazungusha LNB yenyewe kwenye mshiko wake, kidogo sana, ikanipa namba sita za ziada ambazo sikuzitegemea. Watu wengi hapo hawagusi kabisa.

Ubora 82. Nikakaza nati ya kwanza kwa nguvu zote kwa furaha, mdogo wangu akapiga kelele "imeshuka 70!" Kumbe nati nayo inavuta dishi. Kaza huku kidogo, hamia nyingine, rudi tena, huku mtu anasoma namba mpaka mwisho.

Mvua kubwa kweli bado inakata dakika kadhaa, hilo sina ubishi nalo, matone yenyewe yanameza mawimbi. Ila manyunyu na upepo hata hatustuki tena. Na ile LNB ya zamani niliyoambiwa imekufa, siku moja nikaifunga kwa majaribio tu. Ubora ukasoma 81.