Sentimita 38

Jumamosi iliyopita binti yangu aliketi juu ya baraza la nyumba ya Kiponda, akapunga miguu mara moja, akagundua kwamba nyayo zake zinagusa sakafu, akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye ngazi: "Mama, hiki ni kiti cha watoto?"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti penye ngazi hizo, nakwangua ukuta kwa ncha ya ufunguo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameniita nitazame unyevu. Lipu iliyovimba ilimomonyoka mkononi mwangu kama andazi la juzi, na nyuma yake ikatoka ile harufu ya chokaa iliyolowa ambayo kwa miaka tisa sasa siwezi kuitenganisha na harufu ya maziwa. Sikumjibu mtoto. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu, na jibu la swali lile ni jambo ambalo yeye hajapata kuambiwa.

Chumba kile nilikichora kabla sijajifungua. Anayepanga vyumba vya Mji Mkongwe hujifunza mapema kwamba mkubwa wa nyumba si aliyeijenga wala anayelipa, bali ni boriti. Boriti za mikoko haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba, na hiki kilikuwa na upana wa sentimita 280 kwa urefu wa zaidi ya mita saba. Ukiweka humo masofa mawili ya dukani yanayotazamana, kila moja lenye kina cha sentimita 90, na meza katikati, mgeni atapita kiubavuubavu kama kaa. Ndiyo maana nilichora baraza la kujengea, la mawe na chokaa, likiambaa na ukuta wote mrefu, na juu yake mkeka na mito ya kuegemea tu. Kimo nilikiandika sentimita 45, kwa sababu ndicho kimo nilichofundishwa na sikuwa na sababu ya kukitilia shaka. Nyumba ilikuwa inageuzwa kuwa nyumba ya wageni, kama zilivyogeuzwa nyingi tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupokea malipo ya wageni wa Julai.

Mtoto akaja wiki mbili kabla ya siku zake. Nikachukuliwa nyumbani kwa mama, Kikwajuni, kwenda kumaliza arobaini yangu kama inavyostahili. Mnaomjua mama hamhitaji maelezo. Asubuhi na jioni nilikandwa kwa maji ya moto yaliyonitoa machozi, tumbo likafungwa mkaja, nikanyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, na simu ikawekwa juu ya kabati ambalo mzazi hawezi kulifikia bila kupanda kiti, na mzazi hapandi viti. Nilikuwa nikinyonyesha juu ya kitanda cha samadari cha marehemu bibi, kitanda kizuri mno kwa macho na kirefu mno kwa mwanamke wa kimo changu, miguu ikining'inia hewani na mgongo ukiwaka moto. Mwanamke aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi iliyoandikwa katika sheria. Mimi nilikuwa na kazi tatu zilizoachwa katikati na fundi mmoja mzee wa chokaa aliyenionea huruma.

Ni yeye aliyepiga simu siku ya 26, akaipigia simu ya mama mkubwa kwa kuwa yangu haikupokelewa. "Mzazi, nisamehe kwa kukusumbua," alisema. "Kesho wanaleta saruji."

Nitaeleza kwa ufupi kwa nini neno hilo lilinitoa kitandani. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Huyanywa maji ya mvua na kuyatoa tena polepole kupitia lipu ya chokaa, na ukizipaka saruji umeziziba pumzi: maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya muda lipu huvimba na kubanduka. Chokaa hutaka subira, tabaka kwa tabaka, na msimamizi wa kazi ile hakuwa na subira, kwa kuwa alikuwa na tarehe ya kukabidhi nyumba.

Mama alikuwa amekwenda msibani Mwembetanga. Mama mkubwa, aliyeachiwa zamu ya kunilinda, alikuwa amelala chini ya feni. Nilimvalisha mwanangu, nikampaka wanja mzito katikati ya paji la uso kana kwamba hiyo ndiyo hati ya ruhusa, nikamfunga kwa khanga kifuani, nikavaa baibui juu ya vyote, mkaja ukiwemo, nikatoka. Nilivuka Darajani nikiwa nimeinamisha kichwa, nikiogopa macho ya watu kuliko nilivyoogopa jua.

Mabishano na msimamizi nayaruka. Alikuwa kijana, na ni vigumu kubishana na mwanamke mwenye mtoto mchanga kifuani. Alikubali ukuta wa baraza ubaki wa chokaa, nami nikaondoka mbele yake nikiamini kwamba amekubali kuhusu nyumba nzima.

Nilipopanda juu, mzee alikuwa chumbani na vibarua wawili, wakipanga mawe ya msingi wa baraza. Aliponiona aliweka mwiko chini. "Mzazi! Nani kakupa ruhusa?" Kabla sijamaliza kumwamkia, mtoto aliamka, akalia kile kilio cha siku za mwanzo ambacho hakiombi bali kinadai, na maziwa yakashuka kabla mimi sijaamua lolote. Nilihisi khanga ikilowa, kisha baibui. Nilisimama katikati ya chumba cha kazi yangu mwenyewe, ramani mkononi, na sikujua niweke wapi ramani wala mtoto wala uso wangu.

Mzee hakunitazama. Aliwatuma vibarua wakachote maji chini, ingawa pipa lilikuwa limejaa pomoni na kila mmoja wetu alikuwa akiliona. Akachukua ndoo tupu ya lita 20, akaigeuza kifudifudi, akabandua kwa mwiko vipande vya chokaa vilivyogandia kitako chake, akakunja gunia na kuliweka juu yake, na juu ya gunia akatandika kikoi alichokuwa amekitupia begani. Ndoo hiyo aliisogeza mpaka ikagusa ukuta. Kisha akaenda upande wa pili wa chumba, akanipa mgongo, akaanza kupima kwa timazi ukuta ambao alikuwa ameupima wiki iliyopita na haukuwa na kosa.

Nikaketi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kilichotokea baada ya hapo kwa mpangilio, na kila mara huanza na nyayo. Nyayo zangu zilitua zote mbili sakafuni, magoti yakainuka kidogo kuliko nyonga, mtoto akateremka mwenyewe mpaka akakaa mahali pake, na mgongo wangu ukaupata ukuta, ambao ulikuwa wa baridi na bado una majimaji. Kwa mara ya kwanza katika siku 26 hapakuwa na kiungo cha mwili wangu kilichokuwa kikikifanyia kazi kiungo kingine. Mtoto alinyonya kwa pumzi ndefu. Chini, njiani, muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake. Uzi wa timazi ulicheza, ukatulia, ukacheza tena, kwa kuwa mzee alikuwa akiusogeza kwa makusudi ili kazi yake isimalizike.

Nikainua macho, nikakiona chumba ambacho nilikuwa sijakiona. Nilikuwa nimekichora nikiwa nimesimama, au nikiwa mezani mbele ya kompyuta, na kutoka huko dari lilikuwa kitu cha kuhesabiwa: boriti kadhaa, nafasi kadhaa. Kutoka kwenye ndoo, boriti zilikuwa mbali, nyeusi, zimepangana kama mbavu za jahazi, na mwanga wa dirisha la magharibi ulishuka ukutani ukaishia magotini mwangu hasa, juu ya kichwa cha mtoto. Sijui kama huo ulikuwa ubunifu au ulikuwa usingizi. Nilikuwa sijalala zaidi ya saa mbili mfululizo tangu nijifungue.

"Mzee," nikamwita.

"Naam." Hakugeuka.

"Naomba futi kamba."

Aliiweka sakafuni nyuma yake, akaisukuma kwa kisigino ikaserereka mpaka miguuni pangu. Nilipima kwa mkono mmoja, kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa ndoo. "Baraza liwe na kimo cha 38," nikasema.

"Ramani inasema 45."

"Najua."

Uzi wa timazi ulitulia. "Thelathini na nane?"

"Thelathini na nane, Mzee."

"Wageni wana miguu mirefu, mwanangu."

"Watainyoosha."

Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaandika 38 kwenye jiwe lililokuwa mbele yake, kwa tarakimu kubwa, kama mtu anayetaka iwepo kumbukumbu ya nani alisema nini. Tarakimu hizo bado zipo, chini ya lipu.

Mama alikuwa mlangoni niliporudi. Hakupaza sauti. Alimpokea mtoto, akamnusa kichwani, akasikia harufu ya chokaa, akamkabidhi kwa mama mkubwa, kisha akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba kwa kuwa nimeivunja arobaini, itahesabiwa upya tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni maneno ya hasira. Sikuwajua wanawake wa nyumba yetu. Arobaini yangu ilikuwa na siku 66, na katika zile 40 za pili funguo za mlango wa mbele zilikaa shingoni mwa mama.

Wiki iliyofuata mtoto alikohoa siku nne. Daktari alisema ni mafua tu. Mama alisema ni vumbi la chokaa, na chokaa kweli huunguza kifua na macho, mimi ndiye niliyewahi kuwaeleza hayo vibarua. Mpaka leo, akikohoa usiku, huwa nahesabu.

Mwenye nyumba, ambaye ni mrefu, alipolikalia baraza kwa mara ya kwanza magoti yake yalikaribia masikio, akataka livunjwe. Nilimwambia kwa simu, nikiwa kitandani kwa bibi, kwamba hicho ndicho kimo cha wazee wetu. Nilikisema kwa utulivu wa mtu aliyefanya utafiti. Baadaye wageni wakalipenda, wakawa wanajilaza humo alasiri nzima, na wateja wengine wakaanza kuniuliza kama ninaweza kuwajengea la namna ile. Nimelijenga katika nyumba nne nyingine. Ninayo hata maelezo yake, ambayo huyatoa bila kusitasita: mwenye kuketi akishuka, dari hupanda, na chumba chembamba hupumua. Maelezo hayo ni ya kweli. Yalikuja miezi mitano baada ya baraza.

Vijana wa kike wanaoingia katika kazi hii huniuliza nilivyoweza kulea mtoto mchanga na kubuni kwa wakati mmoja. Swali lenyewe linadhani kwamba niliweza. Huwa nawaambia habari za kupanga muda, nao huandika.

Basi Jumamosi nilikuwa pale, nimepiga magoti, na vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kufika kwenye jibu la unyevu: nyuma ya rangi palikuwa na kiraka cha saruji, kigumu, cha kijivu, chenye upana wa mlango mmoja. Kiliwekwa katika zile siku 40 za pili, nilipokuwa nimefungiwa, na mimi niliidhinisha kazi ile kwa picha za simu bila kuja kuigusa. Ukuta wa baraza, hatua tano kutoka hapo, ulikuwa mkavu kama kaki.

"Mama," binti yangu akarudia, "si nimekuuliza? Ni kiti cha watoto?"

"Ni cha kimo cha ndoo," nikamjibu, nikiwa nimesahau nani amesimama nyuma yangu.

"Ndoo gani?" akauliza mwenye nyumba.

Nikapangusa mikono, nikamwomba asogee kidogo. "Tuutazame kwanza huu unyevu," nikasema.