Hata ndimu ingenipa duara

Nilipopewa kazi ya kutafuta bakteria wanaolinda chakula, wazo la kwanza lilikuwa maziwa lala. Nilinunua kwa mama mmoja wa Kangemi ambaye hatumii chachu ya dukani. Anabakiza kikombe cha mala ya jana, anakimimina kwenye maziwa mapya, anafunika, kesho yake yameganda. Mwanafunzi mwenzangu aliporudi kutoka kwao Bomet alinibebea mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa ndani ya kibuyu. Sampuli ya tatu ilikuwa unga wa wimbi ambao nyanya yangu huloweka siku mbili hadi uwe mkali, ndipo apike uji. Nilichota kabla haujapikwa, maana moto ungeniulia nilichokuwa nakitafuta. Kusema kweli, huo wa nyanya niliuchukua ili kujaza idadi tu.

Kuwakuza si kazi. Unazimua sampuli mara kumi, mara mia, mara elfu, unatandaza kidogo kwenye sahani ya MRS, jeli ya chakula ambayo bakteria wa asidi ya laktiki, ndio niliowasaka, huipenda. Mtungi wa kuondoa oksijeni hatukuwa nao, kwa hiyo nilipanga sahani ndani ya chupa kubwa, nikawasha mshumaa humo humo na kufunika. Mshumaa hupunguza oksijeni mpaka wenyewe unazimika. Siku mbili kwenye nyuzi 30, vidoti vya rangi ya krimu vikajaa. Vingine vilinuka kama unga wa mandazi ulioumuka. Hao walikuwa hamira, nikawaacha. Waliobaki niliwadondoshea hidrojeni peroksaidi mmoja mmoja. Aliyetoa povu nilimtupa, kwani bakteria wa asidi ya laktiki kwa kawaida hawatoi. Nikabaki na 23, kila mmoja kwenye kichupa chake: M wa mala, K wa kibuyu, U wa uji.

Kisha nikatandaza E. coli, bakteria wa utumboni, kwenye sahani mpya, nikatoboa visima vidogo kwenye jeli, na kila kisima nikakitilia maji niliyokuzia bakteria wangu. Asubuhi niliinua sahani dirishani. Kila mahali ukungu wa E. coli, lakini kuzunguka visima karibu vyote kulikuwa na duara safi, angavu kama kioo. Nilimpigia mwalimu simu kabla hata ya chai.

"Umepima pH?"

Sikuwa nimepima. Nikapima: 4.

"Hiyo ni asidi, kijana wangu. Hata ndimu ingekupa duara."

Niliudhika, ila alikuwa sahihi. Asidi yenyewe ni kinga nzuri, na ndiyo sababu kubwa ya mala kukaa kuliko maziwa mabichi. Mimi nilikuwa nasaka silaha nyingine: bakteriosini, protini ndogo ambazo bakteria huzitoa kuwaua wapinzani wao. Inayojulikana zaidi ni nisini ya Lactococcus lactis, ile inayoandikwa E234 kwenye vifungashio vya jibini. Hutoboa utando wa seli, vya ndani vikavuja. E. coli ana utando mwingine wa nje kama koti la mvua, na nyingi za protini hizi hazipiti hapo. Yaani hata adui nilikuwa nimemchagua vibaya.

Nikaanza upya na bakteria asiye na koti hilo, Listeria innocua, nduguye asiyedhuru wa Listeria monocytogenes, yule msumbufu anayeweza kuzaana hata ndani ya friji. Safari hii nilizungusha maji yale kwenye mashine hadi bakteria wakatuama, nikayachuja, nikaongeza magadi makali tone kwa tone hadi pH 6.5. Hapo panataka subira, kwa sababu nisini na nduguze hupungua nguvu kadiri asidi inavyoondoka. Ukizidisha magadi unaweza kukipoteza kitu chenyewe. Nilitia pia katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, ili peroksaidi ya bakteria wenyewe isinidanganye kama asidi ilivyonidanganya.

Kati ya 23, maduara yalibaki matatu. Mala ilitoa moja, M12. Kibuyu hakikutoa hata moja. Mawili yalitoka kwenye ule unga wa nyanya.

La U7 lilikuwa milimita 14. Pembeni ya kisima chake nilidondoshea kimeng'enya kinachokata protini. Kesho yake duara lilikuwa limemegwa upande ule ule wa tone, limebaki kama mwezi wa tarehe ishirini. Kilichokuwa kikiua Listeria kilikuwa protini. Nililitazama duara lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndani ya maziwa yenyewe U7 hakufanya maajabu. Listeria walipungua, hawakuisha, na kwenye maziwa yenye mafuta mengi walipungua kidogo mno, karibu na bure, kwa kuwa protini hizi hunaswa na mafuta. Sasa nataka nimjaribu kwenye uji, kwao alikotoka. Nyanya nilipomweleza aliuliza kama hao wadudu wangu wamelipwa.

U7 yuko kwenye friza ndani ya gliserini, vichupa vitano, jina limekwaruzwa kwenye plastiki kwa sindano. M12 nilimwandika kwa kalamu ya kawaida. Spiriti ya kufutia meza ilimwagikia lebo, na sasa nina vichupa vinne vinavyofanana, mmoja wao ni yeye.