Jumapili ya majina saba: siku moja maishani mwangu, mfasiri Beijing

Nyumbani Morogoro wakisikia natafsiri siasa za China, picha inayowajia ni ya yule mtu wa suti nyeusi anayekaa nyuma ya bega la rais na kumnong'oneza sikioni. Huyo ni mkalimani, tena wa serikali. Mimi ni mfasiri wa maandishi. Nalipwa kwa neno, ofisi yangu ni meza ya chumbani, sare yangu ni ndala na kanga. Wateja wangu ni vyombo vidogo vya habari vya Afrika Mashariki, pamoja na wafanyabiashara wachache wanaotaka kujua nani ni nani huku kabla ya kuandika barua. Wengi hudhani kazi hii ni kugeuza maneno tu. Nusu yake ni kupanga majina, kisha kupambana na kila anayetaka kuyapangua. Nawasimulia siku moja, Jumapili ya tarehe 23 Oktoba 2022.

Saa 12 asubuhi. Foleni ya kupima UVIKO chini ya jengo. Mwaka ule bila kipimo cha ndani ya saa 72 huingii dukani wala kwenye basi. Fungua mdomo, kijiti kooni, haya nenda.

Saa 2 asubuhi. Chai ya rangi, mantou mbili (mikate ya mvuke), kompyuta. Jana yake Mkutano Mkuu wa 20 wa Chama cha Kikomunisti ulikuwa umefungwa, na orodha ya wajumbe 205 wa Kamati Kuu ikatoka. Jina la Li Keqiang, Waziri Mkuu, halikuwemo. La Wang Yang, kigogo mwenzake wa ngazi ya juu, pia halikuwemo. Kwa hiyo tulishajua nani wanaondoka, ila hatukujua nani wanaingia. (Msomaji wa Tanzania, hiyo Kamati Kuu isikuchanganye na ya CCM. Yenye watu 205 inafanana zaidi na Halmashauri Kuu yetu. Juu yake kuna Ofisi ya Siasa, na juu ya hiyo kuna Kamati ya Kudumu, ambayo ndiyo kilele.)

Asubuhi yote niliandaa wasifu wa watu ambao huenda wangetokea, mmoja mmoja, nikiacha nafasi ya namba mbele ya kila jina. Namba hiyo, yaani mtu ni wa ngapi kwa ukubwa, ndiyo kila kitu.

Saa 6 mchana, ambayo Dar ni saa 1 asubuhi. Televisheni inaonyesha ukumbi kwenye Jumba la Mikutano ya Umma, zulia jekundu, waandishi wamejaa, mlango umefungwa. Ukiwa mgeni utasubiri mtu apande jukwaani asome matokeo. Hakuna. Matokeo ni wajumbe wapya wa Kamati ya Kudumu wenyewe wanavyotokea mlangoni kwa ukubwa, mmoja baada ya mwingine, na ukikosa kuangalia kwa nusu dakika umekosa habari ya miaka mitano.

Mlango ukafunguliwa baada ya saa sita na dakika kadhaa. Mbele Xi Jinping. Nyuma yake Li Qiang, katibu wa chama wa Shanghai, na hapo nikasema "Eeh!" peke yangu chumbani. Huyu hakuwahi kuwa hata naibu waziri mkuu, na majira ya kuchipua ya mwaka huo huo mji wake ulikuwa umefungiwa ndani kwa miezi miwili, watu wakilalamikia chakula. Wengi walidhani Shanghai ingemponza. Sasa alikuwa anatembea wa pili. Wa tatu Zhao Leji, aliyekuwa akisimamia ukaguzi wa nidhamu ndani ya chama. Wa nne Wang Huning, mwanafikra wa chama. Wa tano Cai Qi, katibu wa chama wa Beijing, yaani bosi wa mji huu niliokuwa napimwa koo. Wa sita Ding Xuexiang, mkuu wa Ofisi Kuu ya Kamati Kuu. Wa saba Li Xi kutoka Guangdong. Wanaume watupu, na orodha ya Ofisi ya Siasa ilipotoka, yenye watu 24, nayo haikuwa na mwanamke hata mmoja.

Nikajaza namba, nikapitia mara mbili, nikatuma kwa mhariri wangu mmoja. Kufikia saa saba kasorobo nilikuwa nimemaliza. Kama siku ingeishia hapo ningekuwa nawaandikia kuhusu chakula changu cha mchana.

Kabla sijamfikia mhariri, nieleze kwa nini namba hizi zinanikosesha raha. Huku mtu hupewa kwanza nafasi kwenye mstari, kisha kazi ya serikali humfuata. Siku ile Li Qiang alikuwa wa pili kwa ukubwa nchi nzima, na Waziri Mkuu alikuwa bado Li Keqiang, ambaye hakuwa tena hata mjumbe wa Kamati Kuu. Ofisi hiyo Li Qiang aliipata mwezi Machi 2023, karibu miezi mitano baadaye, Bunge la Umma lilipopiga kura. Na mstari huu una historia inayotisha. Agosti 1966, baada ya kikao cha Kamati Kuu, Liu Shaoqi alishuka kutoka wa pili hadi wa nane, na Lin Biao akakaa nafasi yake. Urais wa nchi hawakumnyang'anya siku hiyo, na anayesoma vyeo tu asingeona kitu. Aliyesoma mpangilio aliona mtu amekwisha. Liu alikufa kizuizini mwaka 1969.

Bila shaka kuna Deng Xiaoping, aliyetuharibia kanuni sisi sote. Mwaka 1987 alitoka kwenye Kamati ya Kudumu, na bado hakuna jambo zito lililopita bila yeye, kwa sababu alibaki mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi hadi Novemba 1989. Lakini yeye ni yeye. Kwa hawa wengine wote, soma mstari.

Sasa mhariri. Simtaji jina, wala chombo chake, kwa sababu bado ananilipa, japo kwa kuchelewa. Simu ya WhatsApp iliingia nikiwa nimeinua kijiko, na siku za mkutano mkuu VPN, programu ya kuvuka vizuizi vya mtandao wa huku, huwa na mafua, unasikia neno moja unakosa mawili.

"Dada, za huko?"

"Nzuri kaka. Umeipata?"

"Nimeipata, kazi safi. Nimekurekebishia kidogo tu."

Kila mfasiri anajua tumbo linavyokunja akisikia hayo. Marekebisho madogo yalikuwa haya: mtindo wa chombo chao ni kupanga majina kwa alfabeti. Kwa hiyo wa kwanza kwenye habari alikuwa Cai Qi, na Xi Jinping alikuwa ametupwa huko chini, baada ya Wang na kabla ya Zhao. Nikamweleza. Akasema alfabeti haina upendeleo. Nikamwambia kaka, upendeleo ndio habari yenyewe, ukiuondoa umebaki na majina saba ya watu ambao msomaji wako hawajui. Akanyamaza. Nikadhani amekubali, kumbe VPN.

Aliporudi hewani alikuwa amekubali kweli, ila sasa alikuwa ameipata picha, na akapanga kwa picha, kutoka kushoto. Hapo ikabidi nivae miwani. Jukwaani wa kwanza husimama katikati. Wa pili husimama kwenye mkono wa kushoto wa yule wa kwanza, wa tatu kwenye mkono wake wa kulia, na hivyo hivyo kwa zamu mpaka pembeni. Wewe uliye mbele ya televisheni unaona kinyume. Kwa hiyo ukianza kusoma kutoka kushoto kwako unampata Li Xi, kisha Cai Qi, Zhao Leji, ndipo Xi, halafu Li Qiang, Wang Huning, na mwisho Ding Xuexiang. Mhariri wangu alikuwa amempa Li Xi namba moja na Xi Jinping, katibu mkuu wa chama, namba nne.

"Lakini mbona na huyu wa kwanza ni Xi?" akauliza.

Hilo sikulitegemea. Kumbe alichukua jina la mwisho la kila mtu kama tunavyofanya kwetu, akapata Bwana Jinping, Bwana Qiang, na huyo Li Xi akawa Bwana Xi. Jina la ukoo hutangulia huku. Xi Jinping ni wa ukoo wa Xi, ila Li Xi ni wa ukoo wa Li, sawa na Li Qiang na sawa na Li Keqiang aliyekuwa anaondoka, na hawana undugu hata mmoja. Nilieleza taratibu. Nikaeleza tena. Chakula kilikuwa kimeshapoa na kuganda mafuta juu.

"Dada, usikasirike. Je, nikiandika Waziri Mkuu mpya Li Qiang, itakaa vizuri kwenye kichwa cha habari?"

"Itakaa vizuri na itakuwa uongo. Waziri Mkuu ni Li Keqiang hadi Machi."

"Lakini wa pili si ndiye Waziri Mkuu?"

Swali zuri, lazima niseme, na wengi wanaofuatilia China kwa mbali huamini hivyo. Kwa muongo mmoja ilikuwa kweli: Li Keqiang alikuwa wa pili. Lakini kabla yake, enzi za Hu Jintao, wa pili alikuwa Wu Bangguo, spika, na Waziri Mkuu Wen Jiabao alikuwa wa tatu. Zhu Rongji naye, Waziri Mkuu aliyesifika kote, alikuwa wa tatu nyuma ya Li Peng. Kwa hiyo tunaweza kuandika kwamba Li Qiang anatarajiwa kushika uwaziri mkuu. Kumpa ofisi ambayo bado ina mwenyewe, hapana.

Akashusha pumzi, nikaisikia hadi Beijing. "Basi tuandike Xi na wenzake sita, itifaki imezingatiwa."

Hapo tulicheka wote wawili, maana nilikuwa nimechoka mno kubaki na hasira. Kwetu MC akishasema itifaki imezingatiwa, mkuu wa wilaya, diwani na mwenyekiti wa mtaa wote wamesalimiwa kwa mkupuo na sherehe inaendelea. Huku msomaji wa habari atawataja wote, kwa jina na kwa zamu, hata wakiwa ishirini, na hakuna anayethubutu kuwafupishia.

Habari ilitoka ikiwa sahihi. Maelezo ya picha bado yalikuwa na kasoro, nikapiga tena, yakarekebishwa. Sijui ilikuwa saa ngapi. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa jengo.

Jioni ikaingia na mteja mwingine, mzee mmoja wa biashara ya mizigo ambaye mimi humwita Mzee na yeye huniita mwanangu. Huyu hana haraka, na maswali yake huwa ya mtu anayeweka fedha yake. Alitaka kujua Makamu wa Rais wa China ni wa ngapi katika wale saba. Nikamwambia hayumo. Wang Qishan alikuwa Makamu wa Rais tangu 2018 na hakuwa kwenye Kamati ya Kudumu muda wote huo. "Kwa hiyo makamu wao ni mdogo kuliko katibu wa mkoa?" Nikamjibu kwamba inategemea katibu ni nani na ameitwa kupanda lini, na nikamkumbusha kuhusu barua yake ya kule Zhejiang, aliyokuwa ameiandika kwa meya na kumpa katibu wa chama wa mji nakala tu. Mkubwa wa mji ni katibu. Meya kwa kawaida ni naibu wake chamani. Tukaigeuza barua palepale kwenye simu, katibu juu, meya chini, na Mzee akaniombea dua ndefu. Sikumtoza kwa hilo.

Saa moja usiku nikaangalia taarifa ya habari ya televisheni ya taifa, ili tu nihakikishe hakuna kilichobadilika. Sauti ile ile, mpangilio ule ule. Macho yalikuwa yananiwasha. Nilikula ule wali wa mchana nikiwa nimesimama.

Halafu orodha ya watu 24. Hii ilibaki kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayochosha. Wale saba hutajwa kwa ukubwa, ila Ofisi ya Siasa nzima hupangwa kwa hesabu ya mistari ya kalamu katika herufi ya jina la ukoo, kama wale 205 wa jana yake. Ding huandikwa kwa mistari miwili, Xi kwa mitatu, kwa hiyo Ding Xuexiang yuko juu ya bosi wake, na Cai Qi, wa tano kwa ukubwa, yuko wa mwisho kabisa maana herufi yake ina mistari kumi na minne. Wajumbe wa akiba 171 wa Kamati Kuu nao wana utaratibu wao wa tatu, kwa wingi wa kura. Orodha nne, kanuni tatu, siku mbili. Ukizichanganya umemshusha mtu au kumpandisha bila yeye kujua. Niliandika aya nzima ya maelezo juu ya orodha, nikaikoleza wino, nikaituma kwa mhariri pamoja na ankara ya mwezi uliopita.

Ilikuwa inakaribia saa tano usiku jibu lilipoingia.

"Asante sana dada, Mungu akubariki. Ankara nimeipeleka kwa mhasibu. Ila huyu Ding mbona yuko juu ya Xi, amepindua?"

Nikanakili ile aya yangu ya wino mzito, nikamtumia tena kama ilivyo, na nikaizima simu.